Boti ya Mtu Mmoja

11 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na kile kikohozi cha vumbi la msasa kimepungua. Huku sote wazima. Mama anakusalimu. Magoti yake hayataki ngazi, lakini mdomo hauna shida hata kidogo. Jana alimrudisha fundi bomba mara mbili kwa sababu bomba lilikuwa linadondosha tone moja. Binti yangu amehamia kwa mumewe, na chumba chake sasa mama anaanikia nguo wakati wa mvua.

Mimi nimehamishwa wodi. Sasa niko stoo ya mashuka, chini kabisa ya jengo, pale karibu na mashine za kufulia. Kazi si ngumu. Jumamosi ninapumzika, na ndiyo maana nakuandikia.

Unalikumbuka bwawa kubwa linaloleta maji mjini? Siku hizi kuna chama cha watu wanaosafiri humo kwa boti ndogo za tanga. Nilianza kwenda kutazama tu. Sasa nataka yangu. Nataka boti ambayo mtu asiyejua kitu anaweza kujifunzia, na ambayo nitaiendesha peke yangu, bila msaidizi. Kuna bwana anauza moja yenye matanga mawili na kibanda kidogo cha kulala ndani. Anasema ni boti ya maisha. Mama anasema ni kichaa cha umri. Wewe umeishi na boti kuliko watu, niambie ukweli.

Niandikie tu, usipige. Simu yangu ina matatizo.

Ni mimi mpwa wako,
Chiriku

29 Januari

Chiriku wangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mtu niliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa haachi kusema hata akiwa na chakula mdomoni, leo anaandika barua. Dunia imegeuka. Mwambie dada yangu shikamoo, na amwache fundi bomba apumue.

Sasa, boti. Hiyo yenye kibanda achana nayo. Ni boti ya maisha kweli, maana utatumia maisha yako yote kuitengeneza. Matanga mawili yanataka mikono minne, na wewe una miwili. Mtu anayeanza, tena peke yake, anataka tanga moja, kamba moja ya kulivuta na usukani mmoja. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: boti itapinduka. Nasema itapinduka, sisemi huenda. Kwa hiyo usichague boti isiyopinduka, hakuna kitu kama hicho. Chagua boti ambayo wewe, kwa uzito wako, unaweza kuiinua tena ukiwa umeshaloa na hakuna wa kukusaidia. Na uweze kuiburuta kutoka majini hadi nchi kavu bila kuita vijana.

Nijibu haya: una kilo ngapi? Usinidanganye, tanga halidanganyiki. Unaogelea? Upepo wa huko huvuma vipi, taratibu au kwa kushtukiza? Utaiweka wapi?

Na mawili mengine ambayo si ya boti. Mkunga mzima, aliyepokea nusu ya watoto wa mji huo, anafanya nini kwenye stoo ya mashuka? Na kwa nini peke yako?

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia zaidi kunyooshea watu. Binti yangu ametuma salamu. Ana mimba changa, lakini hujasikia kwangu.

Kilo zangu ni themanini na moja, na ukimwambia mtu, undugu umekwisha. Naogelea vizuri kuliko zamani. Upepo wa bwawani umetulia asubuhi, mchana unakuja kwa kushtukiza kutoka kwenye pengo la vilima. Chama wana banda, watanipa nafasi.

Nimeanza mafunzo. Mwalimu ni mama mmoja mwembamba aliyekuwa dereva wa lori. Anafundisha kwa mikono: anakusimamia mbele, anakuonyesha mwenyewe, kisha anakusukuma majini. Namwelewa sana. Jumamosi iliyopita nilipinduka kama ulivyotabiri. Nilikunywa maji mengi, nikapanda juu ya ule ubao wa katikati unaoshuka chini ya boti, nikaning'inia nao kwa kilo zangu zote, na boti ikainuka. Mjomba, sijui nikuelezeje. Nilicheka peke yangu huko katikati kama mwendawazimu.

Nilichojifunza ni kwamba upepo unausikia kwa ngozi. Hapa shingoni, na kwenye shavu. Ukihama shavu, umehama upepo.

Nami nikuulize: wewe mbona huendi majini siku hizi? Mama anasema tangu marehemu mkaza mjomba atutoke hujakanyaga boti iliyo majini, unazigusa zikiwa kwenye magogo tu.

Chiriku

14 Machi

Chiriku,

Marahaba. Hongera ya kupinduka. Kuna watu wanasafiri mwaka mzima wanajisifu hawajapinduka, na siku ikiwafika hawajui pa kushika. Salamu za binti yako nimezipokea na sijasikia lolote.

Nimekupatia boti. Iko hapa karakanani, ya kijani, nimemaliza kuziba nyufa zake wiki hii. Ni nyembamba, fupi, nyepesi, kiasi kwamba naigeuza kwa mikono yangu hii ya kizee. Tanga lake linashuka chini sana, karibu liguse maji, ndiyo maana inakimbia. Ubaya wake ni mmoja: ukiwa umekaa upande wako, upande wa pili wa tanga huoni kitu. Lakini hilo lisikutie wasiwasi. Mtu mwenye injini utamsikia akiwa bado mbali, na mwenye tanga mwenzako atakupigia kelele. Masikio yanatosha.

Nitampigia dada Jumapili, tuzungumze na wewe kuhusu namna ya kuisafirisha.

Hujanijibu kuhusu stoo.

Mjomba

25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mbona kimya? Tangu tulipozungumza ile Jumapili kwenye simu ya mama sijapata neno lako, na mwezi umepita. Mama anasema ulimpigia tena kesho yake, ukamuuliza habari zangu, ukakata haraka. Kama nilisema kitu kikakuudhi, nisamehe. Hata sikumbuki tulisema nini, watu walikuwa na kelele nje ya dirisha.

Ile ya kijani nimeipenda. Naichukua. Mwalimu ananiambia niko karibu kuachiwa niende peke yangu, nami nataka nikiachiwa niwe kwenye boti yangu.

Magoti ya mama nafuu. Mwanangu tumbo limeanza kuonekana, sasa unaweza kusikia rasmi.

Chiriku

9 Mei

Chiriku wangu mpenzi,

Marahaba. Hukuniudhi. Nilikuwa na kazi nyingi. Mwambie binti yako mimi babu yake ninashona pazia la kitanda cha mtoto kwa kitambaa cha tanga, halitachanika hata akilivuta kwa meno.

Ile ya kijani nimeiuza. Alikuja mtu, tukaelewana, basi. Usihuzunike, haikuwa yako.

Nimekutafutia nyingine. Ni pana zaidi na haina mbio, ukikaa inakaa nawe. Si nyepesi kama ile, lakini kwa kilo zako (sijamwambia mtu) utaiinua bila shida. Ule mti wa chini ya tanga nimeupandisha juu ili usikugonge kichwa, na uone chini yake. Katikati ya tanga nimekata kipande na kushonea plastiki ngumu inayoonyesha, kama dirisha. Kabla ya kila kugeuza, chungulia dirishani. Kwenye mlingoti nimefunga kioo kidogo cha pikipiki, utaona nyuma yako bila kugeuka. Juu kabisa nimeweka bendera ya rangi ya machungwa, ili wengine wakuone wao kwanza.

Na huko chamani usiwaruhusu wakuite kwa kipenga. Kipenga kinapotea kwenye upepo. Mkubaliane bendera: nyekundu ikipandishwa gatini, unarudi. Mwalimu wako mweleze kila kitu anachopaswa kujua kuhusu mwanafunzi wake. Usiende peke yako kabla hujamweleza. Hilo nakuomba kama kaka wa mama yako.

Nimefanya hivi kwa sababu ya upepo wa huko wa kushtukiza. Hakuna sababu nyingine.

Mjomba wako

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Umejua.

Nilisoma barua yako nikiwa stoo, nimekalia furushi la mashuka. Nilipofika kwenye dirisha nilifurahi. Nilipofika kwenye kioo nilianza kujiuliza. Ulipoandika habari za kipenga nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikaendelea kupanga foronya mpaka saa za kazi zikaisha, kwa sababu ningeanza kulia pale wafuaji wangeniona.

Basi nikuambie mwenyewe, usibaki kuniambia kwa plastiki na bendera.

Ilianza pole pole. Kwanza niliacha kusikia ndege. Kisha maneno ya watu waliogeuka. Nikazoea kutazama midomo, nikawa hodari, hakuna aliyegundua. Sisi wakunga tunatumia kile kipembe, unakiweka tumboni kwa mama, unabandika sikio, unasikiliza moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto ni mdogo, Mjomba, unapiga kama saa iliyofungwa kwenye kitambaa. Asubuhi moja nilimwekea msichana mmoja, mimba yake ya kwanza. Sikusikia kitu. Nikahamisha, nikatafuta, nikasikiliza tena. Kimya. Nilidhani mtoto amekufa. Sikusema neno, lakini yule msichana alikuwa ananitazama usoni, akajua ninachofikiri, akapiga kelele ambayo hata mimi niliisikia. Mwenzangu akaja mbio, akabandika sikio lake, akasema, "Mbona anapiga vizuri tu."

Mtoto alizaliwa salama siku hiyo hiyo, mnene, analia. Nilimwona anavyolia. Jioni nikaenda kwa metroni kuomba nihamishwe. Nilimwambia mgongo unauma. Stoo haina mtu wa kuogopa uso wangu.

Daktari wa masikio amesema hayatarudi. Amenipa vifaa vya kuvaa, viko kwenye droo, chini ya soksi. Nikivivaa watu wataanza kuniongelesha kama mtoto. Mama hajui. Anadhani siku hizi nina maringo, akiniita siitiki.

Uliniuliza kwa nini peke yangu. Kwa sababu kule katikati ya maji hakuna anayeniuliza, "Umenisikia?"

Mwalimu nitamweleza Jumamosi. Sasa zamu yako. Nilikuuliza mwezi wa pili kwa nini huendi majini, na hukunijibu.

Chiriku

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo sikuiti Chiriku, nakuita mwanangu.

Ile Jumapili nilikuuliza kama barua yangu imefika, ukanijibu kwamba mama kaenda sokoni. Nikacheka, nikadhani ni utani wako. Nikakuuliza boti umeipenda, ukasema magoti yake yanaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu. Sauti yako ilikuwa na furaha kweli kweli. Nilibaki na simu mkononi, nikakumbuka nilichokuandikia, kwamba masikio yanatosha. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Kila nikianza naona nitakuvua nguo mbele za watu. Nikaona heri nishike sindano ya kushonea matanga, hiyo naiweza. Na ya kijani sijaiuza. Iko palepale. Nilijua nikisema haikufai utabisha, wewe na mama yako mmefanana.

Yule msichana alikutazama usoni kwa sababu aliuamini uso wako. Usiufiche stoo moja kwa moja. Vaa hivyo vidude. Na mwambie dada yangu. Anakuita kila siku, anadhani umemkataa. Hilo ni baya kuliko ukiziwi.

Sasa yangu. Utanicheka. Mimi, fundi wa boti, niliyekuandikia maneno mengi ya mtu kwenda peke yake, sijawahi kwenda peke yangu. Hata mara moja. Tangu ujana marehemu mke wangu alikuwa mbele na mimi nyuma. Yeye alishika kamba ya tanga dogo, alinitazamia njia, alinitukana nikichelewa kugeuza. Alipofariki nilishusha boti majini siku moja, nikakaa nyuma mahali pangu, nikatazama pale mbele. Nikashuka. Nikaivuta ikarudi kwenye magogo. Watu nikawaambia ni kiuno.

Kwa hiyo yote niliyokuandikia niliyajua kwa kichwa tu. Wewe unaniogopesha, mwanangu, na unanifurahisha.

Boti yako itaondoka na lori mwisho wa mwezi. Imefungwa magodoro pande zote.

Mjomba

30 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Nilimwambia mama. Nilikwenda na vifaa masikioni, nikakaa mbele yake jikoni, nikaeleza. Aliendelea kuchambua mchele muda mrefu. Kisha akaweka ungo chini, akanishika kidevu akakigeuza kwake, akasema, "Kumbe hukunichoka." Basi, Mjomba, tulilia sote wawili mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna msiba gani. Tangu hapo, akitaka kuniambia kitu ananigonga begani kwa fimbo kwanza. Nina alama.

Metroni naye nimemwambia ukweli. Ameniambia kuna chumba cha wazazi waliokwisha kujifungua, cha kuwafundisha kunyonyesha na kuosha kitovu. Nimeanza. Wanajua kwamba wakisema na mimi wanitazame. Wengi ni wasichana wadogo, wanashukuru kupata mtu wa kuwatazama.

Boti ilifika bila mkwaruzo. Mwalimu aliizunguka mara nyingi, akagusa dirisha, akauliza ni nani aliyeshona. Nikasema mjomba wangu. Akasema, "Huyo mtu anakupenda."

Jumamosi iliyopita nikaachiwa. Asubuhi ilikuwa shwari, nikaenda hadi katikati na kurudi, nikaona ni rahisi. Nikaenda tena upepo ulipoanza. Nilikuwa nimeegemea nje, maji yananirukia, tanga limejaa, najiona malkia. Nikataka kugeuza. Nikakumbuka, nikachungulia kwanza dirishani. Boti ya injini ya wakaguzi wa bwawa ilikuwa inakuja moja kwa moja upande ule, karibu, dereva anaongea na mwenzake kageuza kichwa. Vifaa huwa navivua nikiingia majini, sikusikia chochote. Kwa ile ya kijani ningegeuka mbele ya pua yake.

Sikugeuza. Nililegeza kamba, tanga likapunga, boti ikasimama, wakapita. Yule dereva aliniona mwisho kabisa, akaweka mkono kifuani. Mimi nikampungia kama mtu asiye na habari. Nikakaa chini ndani ya boti mpaka mawimbi yao yakaisha. Kisha nikageuza, nikaendelea, maana ningerudi gatini wakati ule nisingerudi tena majini.

Njoo, Mjomba. Mama ametandika kile chumba cha nguo. Kiuno hakimo kwenye sababu zinazokubaliwa hapa.

Chiriku

2 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, ingawa safari hii naandika mimi kwanza. Nimefika nyumbani salama. Basi lilikuwa na mtu aliyekoroma njia nzima, nikakuonea wivu. Mwambie dada asante kwa mablanketi, na kwa maneno yote aliyonisema, nilikuwa nimeyakosa.

Kuna jambo nimelibeba mpaka huku, sikulisema pale.

Siku ile mliponipeleka gatini nilidhani nakwenda kukutazama wewe. Nimekaa kwenye kiti changu, nimeshika chai. Ukaja umelowa, ukanipa jaketi lako la kuokolea, ukasema nivae. Nikakwambia, "Siwezi." Ukaniambia, "Sijasikia." Nikarudia kwa sauti, mbele ya watu wote. Ukasema tena hujasikia, na vidude vyote viwili umeshavirudisha masikioni, niliviona, mwanangu, sikuwa kipofu. Mwalimu wako akageuka kucheka. Ukanifunga mikanda kama unavyowafunga watoto wa hospitali, ukanikalisha, ukaisukuma boti, na ulikuwa umesimama kwenye maji hadi kiunoni.

Mwanzoni niliongea. Nilimwambia marehemu tazama kulia, tazama yule, upepo unaongezeka. Nilimwambia habari za paa la karakana na habari zako. Aliyepita karibu atakuwa amesema mzee amechanganyikiwa. Kisha upepo ukaja kutoka kwenye lile pengo la vilima, ikabidi nigeuze, na kamba, usukani na kuchungulia dirishani vyote vikawa vyangu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilipogeuka nikaona nimefanya. Boti ilikuwa inakwenda. Niliizungusha mara nyingine bila sababu, nione kama itakubali.

Niliporudi ulishika kamba, ukaniuliza, "Imekuwaje?" Mimi nikageuza uso upande wa banda, nikajifanya natafuta fimbo ya dada. Ulidhani sikutaka kujibu. Nilijibu, mwanangu. Nilijibu kwa sauti ya chini, nikiwa nimekupa kisogo, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka usome.

Nilisema ilikuwa vizuri. Nilisema nilikuwa peke yangu, na ilikuwa vizuri.

Mjomba wako